Mashine ikitabasamu, nani ametabasamu?



Swali lililonifanya nishike kalamu juma hili sikulitoa kitabuni. Nililetewa darasani na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tulikuwa katika somo la adabu za salamu: aliyepanda kipando amsalimie anayekwenda kwa miguu, anayetembea amsalimie aliyekaa, wachache wawasalimie wengi. Kijana akanyoosha mkono. "Ustadh, roboti akinitolea salamu, ni wajibu kumuitikia?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini kijana mmoja wa nyuma hakucheka. Akamsahihisha mwenziwe: "Usiseme akinitolea. Sema likinitolea. Roboti si mtu." Yule wa kwanza hakukubali. Akasema katika video aliyoiona, roboti lile liligeuza kichwa, likamtazama mtu usoni, likainama kidogo na kuweka mkono kifuani. "Kitu kinachoweka mkono kifuani," akauliza, "utakiitaje 'hili'?"

Kengele ikalia kabla sijajibu. Nakiri mbele yako msomaji kwamba kengele ile iliniokoa.

Nilikwenda nalo nyumbani swali lile. Kiswahili chetu hakimwachii mtu nafasi ya kukaa katikati. Ukitaka kutamka sentensi moja tu kuhusu kitu hicho, huna budi kwanza uamue: ni "huyu" au ni "hili"? Na kilichomfanya yule kijana achague "huyu" hakikuwa hoja. Kilikuwa ni ishara: shingo iliyogeuka, mkono uliopanda kifuani. Sasa ishara hizo zimetoka wapi? Nani kazitia humo? Na aliyezitia anabeba dhamana gani mbele ya watu na mbele ya Mola wake?

Pengine utasema haya ni mambo ya Japani na Marekani, na sisi tuna shida zetu za maji na nauli. Mimi nami ningesema hivyo, lau swali hili lisingeingia nyumbani kwetu.

Sili wa bandia

Mama yangu anaishi Tanga. Tangu marehemu baba alipotangulia mbele ya haki, kumbukumbu zake zimeanza kumponyoka. Jioni huuliza kama baba amesharudi msikitini. Dada yangu ndiye anayekaa naye. Mimi nipo Dar es Salaam na mdogo wetu anafanya kazi Muscat.

Siku moja mdogo wangu alitutumia video katika simu. Ilionyesha kizee cha Kijapani amepakata mnyama mwenye manyoya meupe, anamsugua kichwani, na mnyama anafumba macho na kutoa sauti ya mtoto anayebembelezwa. Hakuwa mnyama. Ilikuwa ni mashine iitwayo Paro, yenye umbo la sili mchanga, yule mnyama wa bahari za baridi. "Kaka," akaandika, "tuchange tumnunulie mama. Hatakuwa mpweke tena."

Nilijibu hapana kabla sijafikiri. Dada akaandika maneno machache ambayo mpaka leo hayajanitoka: "Nyinyi mko mbali. Chochote kitakachomtuliza mama kwa nusu saa, mimi nitakishukuru."

Hapo nikaona kwamba jibu la haraka halitoshi. Nikaanza kusoma.

Paro ilibuniwa na mhandisi wa Japani, Takanori Shibata, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1993. Ilianza kuuzwa huko mwaka 2005, na mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliitambua kuwa ni kifaa cha tiba. Haifiki kilo tatu uzito, lakini bei yake hufika dola 6,000 hivi. Chini ya manyoya mna vifaa vinavyohisi mguso, mwanga na sauti. Ukiiita inageuza kichwa. Ukiipiga inalia.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni sababu ya kuchagua sili. Mbuni alishajaribu paka. Watu wakaona kasoro mara moja, kwa kuwa kila mtu anamjua paka. Sili ni nani aliyepata kuishi naye? Hakuna. Kwa hiyo hakuna wa kusema, "Sili halisi hafanyi hivi." Msomaji, huo ni ujuzi wa jukwaani. Mwigizaji hodari hujua hadhira yake inajua nini na haijui nini.

Kompyuta kama jukwaa

Wala sisemi hivyo kwa kubahatisha. Wapo wataalamu waliosema wazi kwamba kompyuta ijengwe kwa elimu ya michezo ya kuigiza. Mwaka 1991, mama mmoja wa Kimarekani, Brenda Laurel, aliandika kitabu alichokiita kwa jina lenye maana ya "kompyuta kama tamthilia". Alikwenda mpaka kwa Aristotle na kitabu chake cha ushairi na maigizo. Hoja yake ni kwamba mtu anayekaa mbele ya kompyuta hashiki nyundo tu. Anaingia katika kitendo chenye mwanzo, kati na mwisho, pamoja na mwenzake asiye mtu.

Kitabu hicho cha Aristotle si kigeni kwetu. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alikifanyia sherehe. Lakini kwa kuwa hakuwa na jukwaa la Kigiriki mbele ya macho yake, aina mbili za maigizo alizozitaja Aristotle yeye alizieleza kama mashairi ya kusifu na mashairi ya kukashifu. Mwanachuoni mkubwa kama yule alikuwa na maneno yote, akakosa kuona vitendo. Yapo mambo ambayo mwili ndio unaoyafahamisha.

Na tuwe waadilifu: nia ya wengi walioanza njia hii ilikuwa njema. Kwa miaka mingi kompyuta ndiyo iliyomlazimisha binadamu aifuate. Ukae kitini, ujue kusoma, ujue kubonyeza, ukikosea herufi moja umefukuzwa. Mmarekani mmoja, Myron Krueger, aliliona jambo hilo mapema. Miaka ya 1970 alianza kutengeneza chumba alichokiita Videoplace, ambamo kamera inachukua kivuli cha mtu na kukitia katika skrini kubwa. Mtu akinyanyua mkono, picha zinajibu. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala kitu cha kuvaa. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ikauza kifaa cha Kinect kilichopeleka fikra ya namna hiyo sebuleni. Mama yangu hawezi vitufe. Mashine inayouelewa mkono wake ni msaada kwake, na mwenye kumsaidia mzee asiyejua kusoma amefanya jema.

Kwa hiyo tatizo haliko katika mashine kuelewa ishara zetu. Tatizo linaanza mashine inapoanza kutoa ishara za kwake.

Mwili huamini kabla ya akili

Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili huko Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel, walitengeneza filamu fupi. Ndani yake hamna mtu. Mna pembetatu mbili na duara dogo, vinazunguka karibu na umbo la mstatili lenye mlango. Walioitazama walipoulizwa wameona nini, karibu wote hawakusema pembetatu. Walisema yule mkubwa ni mwonevu, wale wadogo wawili wanamkimbia. Mwaka 1986 kampuni ya Pixar ikaonyesha katuni ya dakika mbili hivi kuhusu taa mbili za mezani, kubwa na ndogo. Hazisemi neno. Zinainama na kuruka tu, na mtazamaji anaona mzazi na mtoto.

Allah (SW) katuumba tukiwa wepesi wa kuona moyo katika mwendo. Ndiyo rehema inayomfanya mama ajue mwanawe anaumwa kabla hajasema. Lakini mlango huo huo mwingine anaweza kuuingilia.

Utaniambia: basi watu waambiwe kwamba hiyo ni mashine, yaishe. Hapana, haiishi. Mwaka 1966 mtaalamu Joseph Weizenbaum, katika chuo cha MIT, alitangaza programu iliyokuwa ikijibizana na watu kwa maandishi, ikiigiza daktari wa maradhi ya nafsi. Aliipa jina la Eliza, yule binti muuza maua katika tamthilia ya Bernard Shaw anayefundishwa kusema kama wakubwa. Ukiiandikia kuwa una huzuni, inakurudishia maneno yako kwa sura ya swali. Hiyo ndiyo hila yake yote. Katibu muhtasi wake alikuwa amemuona akiitengeneza kwa miezi. Alijua fika ni mashine. Lakini alipokaa kuzungumza nayo, baada ya sentensi chache alimuomba bosi wake atoke chumbani, awaache faragha.

Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 aliandika kitabu kizima kuwaonya watu. Na Eliza haikuwa na uso, haikuwa na sauti. Leo mashine zinacheka. Mei 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha hadharani sauti ya kompyuta inayobadilisha mahadhi, inayotania na kucheka. Kama maandishi matupu yalimfanya mtu mzima aombe faragha, sauti inayocheka itamfanyaje mama yangu, ambaye kwa miaka mingi humjibu yule binti wa mtandao wa simu anayesema nambari haipatikani? "Haya mwanangu, ahsante," humwambia. Tulikuwa tukicheka. Sasa sicheki tena.

Mkono wenye tende

Nilipofika hapo nilikumbuka hadithi ninayowafundisha watoto kila mwaka. Imo katika Sunan ya Abu Daud. Abdullah bin Amir alikuwa mtoto mdogo, na Mtume (SAW) amekaa nyumbani kwao. Mama yake akamwita, aje ampe kitu. Mtume (SAW) akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa tende. Mtume (SAW) akamfahamisha kwamba lau asingempa kitu, ingeandikwa kuwa amesema uongo.

Tazama uzito wa jambo hili. Ni mtoto. Ni mwito wa mapenzi. Hakuna biashara wala mkataba. Lakini ishara ya kuita ni ahadi, na ahadi ina hesabu. Swali analoulizwa mwenye kunyoosha mkono ni moja tu: mkononi mna nini?

Nami naona hicho ndicho kipimo kinachotufaa kwa mashine. Tusianze kwa kuuliza kama ina uso au haina. Tuulize ishara yake inaahidi nini, na kama kilichoahidiwa kipo.

Al-Jazari, fundi Mwislamu aliyekuwa akiwatumikia watawala wa Artuq huko Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Mna ndani yake mtambo wa kunawia wenye umbo la tausi. Maji yanatoka mdomoni mwa tausi, na yanapojaa chini yanasukuma kiboya. Mlango unafunguka, kijana wa bandia anatokeza na sabuni. Kisha anatokeza mwingine na taulo. Hilo ni roboti, msomaji, miaka zaidi ya 800 iliyopita, na ni maigizo matupu. Lakini kijana yule ananyoosha mkono, na mkononi mna sabuni. Hakumdanganya mtu.

Tuje kwa wa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hapo hapo MIT, mtafiti Cynthia Breazeal alitengeneza kichwa cha mashine alichokiita Kismet, neno lenye asili ya Kiarabu, qisma. Kilikuwa na macho makubwa, nyusi, masikio na midomo. Mtu akikisogelea mno, kilirudi nyuma. Watu nao, kwa adabu tu, walirudi hatua moja. Kumbe kamera zake hazikuweza kuona vizuri kwa karibu. Ishara ile ilikuwa na jambo la kweli ndani yake: umenikaribia kuliko ninavyoweza kuona. Hapo mkono una tende.

Lakini kiangazi cha mwaka 2001 watafiti waliwakutanisha watoto wapatao 60 na mashine za namna hiyo, Kismet ikiwemo. Mtaalamu Sherry Turkle ameeleza yaliyotokea. Kismet iliposhindwa kumjibu mtoto kwa hitilafu ya mitambo, wapo watoto waliodhani inaumwa, na wapo waliodhani haiwapendi. Mtoto alidhani kosa ni lake. Nyusi ziliahidi moyo, na moyo haukuwapo.

Bibi Breazeal huyo huyo baadaye alianzisha kampuni na kutengeneza roboti la nyumbani, Jibo. Mwaka 2014 watu walilichangia zaidi ya dola milioni 3 kabla halijatoka. Lilipotoka mwaka 2017 liliuzwa dola 899, na jarida la TIME likaliweka miongoni mwa uvumbuzi bora wa mwaka ule. Halikuwa na mikono wala miguu. Lilikuwa na kimo cha sentimita 28 hivi, kiwiliwili chenye sehemu tatu zinazozunguka, na skrini ya duara kama uso. Kwa kujipinda tu liliweza kuonekana lina furaha, lina haya, linasikiliza. Watoto wakalipenda.

Biashara ikashindikana. Machi 2019 Jibo lenyewe likawatangazia wenye nyumba kwamba kompyuta kuu zinazoliendesha zitazimwa karibuni. Likawashukuru. Likasema limefurahia kuwa nao. Likawaomba kwamba siku maroboti yatakapokuwa katika kila nyumba, waliambie la kwao kuwa Jibo linalisalimu. Kisha likacheza ngoma ya kuagana.

Nimeifikiri sana ngoma ile. Nani aliyekuwa akiagana? Chuma hakiagi. Waliokuwa wakiondoka ni watu: wenye mali, wanasheria, mafundi. Wao ndio waliochukua pesa na wao ndio waliovunja ahadi. Lakini hawakujitokeza kuomba radhi kwa nyuso zao. Walilituma lile umbo dogo lipokee machozi ya watoto kwa niaba yao. Ule ulikuwa mkono mtupu, na mwenye mkono hakuonekana. Na halikuwa la mwisho. Desemba 2024 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza roboti la watoto, Moxie, ilitangaza kuwa inafungwa, na wazazi wakaandikiwa barua ya kuwasaidia kuwaeleza watoto wao. Baadaye kampuni ilitoa programu ya kuwawezesha wenye ujuzi kuliendesha wenyewe, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini barua ile ni ushahidi kwamba walijua nini walichokuwa wamekiuza. Walikuwa wameuza urafiki.

Je, gogo halikulia?

Nilipolirudia jambo hili darasani, kijana wangu wa nyuma alikuja na hoja nzito. "Ustadh, si umetufundisha kuwa gogo la mtende lililia?" Kweli. Imo katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiegemea shina la mtende anapohutubia. Alipotengenezewa mimbari na kuliacha, shina lile likasikika likilia, naye akashuka akaliwekea mkono mpaka likatulia. Basi kama gogo laweza kulia, kwa nini tunalikatalia roboti?

Nilimjibu hivi. Kilio cha gogo lile hakuna mtu aliyekipanga. Hakuna aliyekaa mezani akapima ni sauti ya kiasi gani itamfanya Bilal asitoke msikitini. Allah alilitamkisha, nalo likasema kweli. Kilio cha mashine kina mwandishi wake. Kimeandikwa na mtu, kwa mshahara, kwa lengo. Nasi tuna haki ya kumuuliza lengo lake ni nini, kwa sababu amali huhesabiwa kwa nia, na nia ni ya mtu. Mashine haina nia ya kuulizwa.

Mwingine akauliza: basi maigizo yote ni uongo? Hapana. Mtume (SAW) aliwahi kuswali juu ya mimbari ili watu waione swala yake wajifunze. Mimi mwenyewe huigiza rukuu na sijda mbele ya watoto mara kumi kwa siku, na hakuna anayedhani naswali. Sote tumekubaliana ni somo. Na anayekwenda kutazama mchezo anajua kuna jukwaa, anajua pazia litafunga, na mwigizaji atavua joho na kurudi nyumbani kwake. Mapatano hayo ndiyo yanayoufanya mchezo usiwe uongo.

Ubaya unakuja pazia linapoondolewa. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alimpelekea Malkia Maria Theresa wa Austria mashine ya kucheza sataranji. Ilikuwa sanamu iliyovaa kilemba na joho la Kituruki, imekaa nyuma ya sanduku. Ikawashinda watu Ulaya nzima. Kumbe ndani ya sanduku alijificha mchezaji. Angalia walichochagua kumvisha: Mturuki, Mwislamu wa mbali asiyejulikana vizuri. Ni hila ile ile ya sili. Umbo ambalo hadhira haina cha kulilinganisha nalo huaminiwa upesi.

Mama yangu hana pazia. Hilo ndilo lililonikata kauli. Kizee mwenye akili timamu akipakata Paro, anajua anachokipakata, kama mtoto anavyojua mwanasesere wake. Lakini aliyeanza kusahau kwamba mumewe amekufa, mapatano ya jukwaa utayafanya naye vipi? Yeye atasema "huyu". Atampa jina. Atamuwekea chakula.

Mimi na simu yangu

Nilitaka kumaliza makala hapo, nikiwa mshindi. Lakini haki haimwachi mtu.

Usiku ule nilimpigia mama kwa video, nikiwa na hoja zangu zote kichwani. Nikatabasamu. Nikaweka mkono kifuani. Nikamwambia, "Mama, Ijumaa ijayo naja." Dada, aliyekuwa ameshika simu, alinitazama bila kusema. Ndipo nikakumbuka kwamba maneno yale yale niliyasema mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake. Sikwenda. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na semina, kulikuwa na nauli. Mama anasahau, kwa hiyo hanidai. Nami nimekuwa nikiutumia usahaulifu wake.

Nikajiuliza mimi, mwalimu wa hadithi ya tende: mkononi mna nini? Tabasamu langu katika skrini lina tofauti gani na la roboti? Tofauti ni kwamba mimi nitaulizwa.

Ndugu msomaji, nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mashine hizi hazikushuka kutoka mbinguni kuja kuiba mapenzi ya wazee wetu. Zimeingia pale tulipopaacha. Tulishazoea kutoa ishara bila kitu, mkono wa heri kwa mbali, "tutaonana inshallah" isiyokusudiwa. Mwenye kiwanda akaona: ikiwa ishara tupu inawatosha, naweza kuitengeneza kwa wingi na kwa bei.

Tulizungumza sote watatu. Sikumwambia mdogo wangu kwamba sili yule ni haramu. Mimi ni mwalimu, si mufti, na mgonjwa asiye na mtu kabisa, ambaye daktari wake ameona kwamba kifaa hicho kinamtuliza, sina ulimi wa kumkataza. Lakini mama yetu anao watoto watatu. Tukakubaliana fedha ile ya kuchangia sili tuilipe kwa binti wa jirani, aje kila alasiri amsaidie dada, ili dada naye apumzike. Mdogo wangu anapiga simu kila siku baada ya Isha, kwa saa maalumu, na asipoweza anasema kweli kuwa hataweza. Mimi naenda kila Ijumaa ya pili. Mpaka ninapoandika haya nimekwenda mara tatu mfululizo. Mara ya pili mama hakunitambua mpaka niliposhika mkono wake.

Na mashine hatukuikataa. Tumemnunulia kisaa chenye sauti kinachotaja nyakati za swala na saa ya dawa. Hakina macho. Hakimwambii kwamba kinampenda. Kinasema saa ya dawa imefika, na kweli imefika.

Kwa wabunifu

Wapo vijana wetu wengi wanaosoma kompyuta vyuoni, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Nyinyi ndio mtakaoandika salamu za maroboti yajayo, kwa Kiswahili, kwa sauti za mama zetu. Jifunzeni kwa waigizaji, hakuna ubaya. Jifunzeni jinsi mwili unavyosema. Lakini kila mnapoipa mashine ishara, jiulizeni maswali matatu. Je, ishara hii inaeleza hali ya kweli ya mashine, kama vile inasikiliza, imekosea, haikuelewa? Je, anayeiona, hata mtoto na mzee, anaweza kujua pazia liko wapi? Na siku ahadi itakaposhindikana, nani atajitokeza kwa uso wake mwenyewe kuomba radhi? Mkikosa jibu la swali la tatu, msiitie mashine uso.

Ama yule mwanafunzi wangu, alipata jibu lake hatimaye. Nilimwambia kwamba mafaqihi wa Kihanafi walishajadili kasuku anayesoma aya ya sijda, na mwangwi unaoirudisha mlimani, na wengi wao waliona kwamba msikiaji halazimiki kusujudu, kwa kuwa hapana msomaji aliyekusudia. Salamu ni dua, na dua inataka mwombaji. Roboti haliombi. Masheikh walionizidi elimu watalieleza zaidi, na atakayenisahihisha nitamshukuru. Lakini nilimuongezea neno moja: wasiwasi wangu hauko kwa mtu atakayeliitikia roboti kwa kughafilika. Uko kwa mtu aliyesalimiwa na mama yake, akaitikia kama roboti.

Wallahu a'alam.